Rangi ya TMRM: miezi 10 ya kuzitazama mitokondria za neva, hapa Mombasa

Kichupa kilikuja na miligramu 25 za unga mwekundu uliokoza, umeshikamana chini ya kioo kama tone la hina lililokauka. Nimekitumia tangu kaskazi iliyopita, kwenye maabara ndogo ya vyumba viwili upande wa kisiwani, na naandika kwa sababu wenzangu wa Pwani wananiuliza kila mara kama TMRM, rangi inayoonyesha mitokondria (mitambo midogo ya nishati ndani ya seli) zina nguvu kiasi gani, inafaa kununuliwa. Inafaa. Naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, mwaka wa 19 sasa kazini. Miaka mingi nilikuwa nikipima damu na mkojo kama wengine. Kilichonileta kwenye seli za neva kiko Majengo, nyumbani kwa mamangu mdogo. Alianzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI mwaka 2005, na mojawapo ilikuwa stavudini. Dawa zilimwokoa, na hilo sitalisema vinginevyo. Lakini mwaka wa pili nyayo zikaanza kumwaka. Alikuwa akimwaga maji kwenye sakafu ya saruji, akilala miguu imegusa pale penye ubaridi, feni inampuliza, na bado akisema ni kama amekanyaga makaa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache stavudini kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu, naye akabadilishiwa. Miguu haikurudi ilivyokuwa.

Stavudini hufanana na thaimidini, moja ya herufi za DNA. Virusi vinadanganyika nayo, na hapo ndipo inapofanya kazi yake njema. Ila ndani ya mitokondria kuna kimeng'enya kiitwacho polimerasi gama, ambacho kazi yake ni kunakili DNA ya mitokondria yenyewe: herufi 16,569, jeni 37, protini 13. Nacho hudanganyika vilevile. Nakala zikipungua, mitambo ya nishati inachakaa. Neva inayofika kwenye kidole cha mguu ina mkia wa karibu mita nzima, na mkia wote huo unahitaji nishati hadi ncha ya mwisho. Nilipolielewa hilo, nilitaka kuona kwa macho yangu mitokondria ya neva inapochoka inakuwaje. Ndiyo maana tukatafuta TMRM.

Kwa asiyeijua, hii ni rangi ya jamii ya rodamini, nayo ina chaji chanya. Mitokondria hai husukuma protoni nje ya utando wake wa ndani, kwa hiyo upande wa ndani hubaki na chaji hasi, yapata milivolti 150 hadi 180. Msukumo huo wa protoni kutaka kurudi ndani ndio unaozungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nishati inayotumiwa na seli. Wazo hilo alilitoa Peter Mitchell mwaka 1961, akapewa Nobel ya kemia mwaka 1978. Basi rangi yenye chaji chanya huvutwa na pale penye chaji hasi. Mitokondria ikiwa na nguvu, rangi inajaa ndani yake; ikilegea, rangi inatoka. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani chini ya darubini ya fluoresensi, inakurudishia mwanga wa machungwa.

Seli tunazotumia ni SH-SY5Y, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya neva wa mtoto wa miaka 4, sampuli iliyochukuliwa mwaka 1970. Si neva kamili, na anayekuambia ni sawasawa na neva ya mguu anakupotosha. Lakini zinalelewa kirahisi, na naitrojeni kimiminika ya kuzihifadhi tunaipata kwa watu wale wale wanaowauzia wapandishaji wa ng'ombe kwa sindano. Tukizipa asidi ya retinoiki kwa siku 6 zinaacha kugawanyika ovyo na kuanza kutoa mikia mirefu myembamba.

Siku ya kwanza rangi ilipokaa vizuri nilikuwa na mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne. Tulizima taa, tukafunga pazia jeusi. Akaweka jicho kwenye lenzi akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mama, zinatembea." Nikamsogeza nikaangalia. Ndani ya mkia mmoja, mwembamba kuliko uzi wa buibui, mitokondria zilikuwa zimejipanga kama shanga zilizoachana. Carl Benda, aliyezipa jina mwaka 1898, alilitoa kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje, na pale nikaona kwa nini. Moja ikachomoka kwenye wenzake, ikasogea kuelekea nchani, ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, ikaendelea tena. Zinabebwa, hizo. Protini ya kinesini huzipeleka mbali na kiini cha seli, na dainini huzirudisha. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara nyingi. Kuliona likitendeka kwenye kisahani nilichokilea mwenyewe ni kitu kingine, na machozi yalinilenga.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana hapo ndipo rangi hii inapomwinua mtu au kumwangusha.

Jambo la kwanza ni unyevu. Unga huu unahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani, pahali pakavu. Mimi kwa haraka nilikitoa kichupa kikiwa na baridi yake nikakifungua papo hapo. Mombasa, mwezi wa tatu, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi kwa hiyo kiyoyozi hakifanyi kazi. Hewa yetu ni maji. Kabla sijainua kijiko ukungu ulikuwa umeshatanda ndani ya kioo na unga wa ukingoni umegeuka utelezi. Tuliupoteza kiasi cha miligramu 4. Tangu siku hiyo kichupa kinakaa kwenye mtungi uliofungwa wenye punje za kukausha unyevu, kinaachwa nusu saa mezani hadi kifikie joto la chumba, ndipo kifuniko kinafunguliwa. Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao madirishani kwao hakuna bahari. Hilo hawalisisitizi inavyostahili.

Kilichobaki tulikiyeyusha chote mara moja kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, tukakigawa kwenye mirija midogo, kila mmoja mikrolita 10, tukaifunga kwa karatasi ya foili. Mrija ukishatolewa haurudi tena kwenye friza.

Jambo la pili ndilo kubwa: kipimo. Karatasi iliyokuja na kichupa ilisema tutumie nanomola 200 (nanomola hupima ukolezi wa rangi kwenye maji ya seli). Tukazitumia. Seli zikang'aa kwelikweli, picha nzuri ya kuwekwa ukutani. Kisha tukafanya jaribio la lazima, kuongeza FCCP, kemikali inayovusha protoni kwenye utando na kuimaliza chaji yote. Tulitarajia mwanga uzimike. Mwanga ukapanda. Ukapanda ndani ya dakika moja hadi seli nzima ikawaka, halafu ndipo ukaanza kushuka taratibu. Mwanafunzi akaandika kwenye daftari kwamba FCCP imeziongezea seli nguvu. Nilijua haiwezekani, lakini usiku ule sikuweza kumweleza kwa nini.

Nilikuja kuelewa baadaye. Rangi ikijaa kupita kiasi ndani ya mitokondria, chembe zake hubanana na kuzimishana mwanga. Ukiivunja chaji, rangi inamwagika kwenye seli, chembe zinaachana, na zikiachana zinawaka. Kwa hiyo kwa kipimo kikubwa, kufa kwa mitokondria kunaonekana kama kupona. Kuna watafiti wanaotumia hali hiyo kwa makusudi kufuatilia mabadiliko ya haraka, na wanajua wanachokifanya. Sisi tulikuwa hatujui.

Tukashuka hadi nanomola 20. Kwa taa hafifu za darubini yetu picha ilikuwa na giza kidogo, haikupendeza kama ya kwanza. Tukaongeza FCCP. Mwanga ukazimika, moja kwa moja, kama mtu amefunga mlango. Hapo nikaiamini. Rangi hii ni zafarani: nyuzi chache zinatosha sufuria zima la biriani, na anayeongeza ili aone rangi zaidi anaiharibu. Isitoshe, hizi rangi zikizidi huisumbua hata pumzi ya mitokondria yenyewe. TMRE, ndugu yake wa karibu, inasumbua zaidi, ndiyo sababu mimi nilichagua TMRM.

Hesabu yake ni ya kuvutia pia. Kila milivolti 60 za chaji huzidisha rangi mara 10 upande wa ndani. Utando wa nje wa seli peke yake unaizidisha mara 10 hivi, na mitokondria ya milivolti 150 inaizidisha tena mara 300. Nanomola 20 ulizoziweka nje zinakuwa maelfu ndani. Ndiyo maana kidogo kinatosha.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoninyima raha ya kutoa nyota ya 5. Rangi inapita milango miwili kabla ya kufika, na neva ni seli ambayo mlango wake wa nje hautulii. Chaji ya utando wa nje hubadilika kila neva inapopiga ishara. Tulijaribu kuongeza potasiamu nyingi kwenye maji ya seli, jambo linalolegeza utando wa nje. Mwanga wa TMRM ukashuka vizuri sana, na mtu asiyejua angeandika kwamba mitokondria zimeumia. Hazijaumia, rangi imetoka kwa sababu mlango wa mbele umelegea. Ukiwa na seli za ini hili linakusumbua kidogo tu. Ukiwa na neva, lazima uwe na rangi ya pili inayopima utando wa nje, au ujizuie kusema zaidi ya ulichokiona. Muuzaji hakuandika hata mstari mmoja kuhusu hili, ilhali kwenye tangazo lake ameweka picha ya neva.

Jaribio lililonifanya niipende rangi hii kwa dhati ni lile la oligomisini. Nitalieleza kwa tangi la maji, kwa sababu ndivyo nilivyomweleza mwanafunzi na ndivyo nilivyomweleza mamangu mdogo pia, na wote wawili walinielewa.

Fikiria nyumba ya ghorofa Kizingo. Pampu inapandisha maji kwenye tangi la juu ya paa, na maji yakishuka yanazungusha gurudumu linalofanya kazi. Pampu ni mnyororo wa elektroni, yaani protini zinazosukuma protoni nje; tangi lililojaa ni ile chaji, gurudumu ni kimeng'enya cha ATP. Siku pampu imekufa, mwenye nyumba anawaita wauza maji wa mikokoteni, wanapanda ngazi na madebe mabegani kulijaza tangi kwa mkono. Ukitazama tangi kutoka barabarani limejaa, unasema nyumba ina maji. Kumbe watu wanakufa kwa uchovu kwenye ngazi. Mitokondria inayoumwa inafanya hivyo hivyo. Gurudumu linageuzwa, linazunguka kinyume, linachoma ATP iliyotengenezwa kwingine kwenye seli ili chaji isianguke.

Oligomisini inalifunga gurudumu. Kwenye seli isiyoumwa, pampu inaendelea na maji hayashuki, kwa hiyo tangi linajaa zaidi: mwanga wa TMRM unapanda kidogo. Kwenye seli inayoumwa, ukilifunga gurudumu umewafungia ngazi wabeba madebe, na tangi linashuka.

Tulifanya visahani viwili. Kimoja tulikiacha kama kilivyo. Cha pili tulikipa rotenoni, sumu inayofunga hatua ya kwanza ya mnyororo wa elektroni. Ukivitazama vyote viwili na TMRM peke yake, tofauti ilikuwa ndogo sana. Mimi kwa jicho langu nisingethubutu kuapa kipi ni kipi. Tukaongeza oligomisini. Kisahani cha kwanza kikaongezeka mwanga. Cha pili kikaanza kufifia kuanzia ncha za mikia, kikarudi nyuma kuelekea kwenye kiini, na baada ya dakika 8 kikawa giza tupu. Nilikaa pale nikifikiria ncha za mikia. Sijui kama ni kwa sababu ile ile, na sitadai hivyo kutokana na kisahani kimoja cha seli za saratani, lakini kila mgonjwa wa nyayo niliyemjua alianzia vidoleni.

Mwanga wa taa nao ni wa kuangaliwa. Ukiumulika sana, rangi hii huzalisha kemikali zinazochoma mitokondria ile ile unayoitazama. Tumeona kwa macho: punje moja inazima, inawaka, inazima, kisha majirani zake wanafuata. Sasa tunapunguza taa hadi robo, tunapiga picha moja kila sekunde 20, na tunafunga mlango wa taa kati ya picha moja na nyingine. Pia rangi haidumu seli zikishahifadhiwa kwa formalini, kwa hiyo usiseme utapiga picha kesho. Kazi ni siku hiyo hiyo, seli zikiwa hai, na zikiwa kwenye joto la nyuzi 37. Stima ikipotea katikati, siku imekwenda. Imetutokea mara 5.

Wanaouliza kuhusu JC-1, rangi nyingine ya kupima chaji hiyo: tuliitumia kabla ya hii. Inavutia kwa sababu ina rangi mbili, kijani chaji ikiwa ndogo na nyekundu ikiwa kubwa. Tatizo ni kwamba haipendi maji. Kwetu iliganda kuwa vijiti vyekundu juu ya seli, ukachuja, ukachuja tena, vikarudi. Na hiyo nyekundu yake inategemea sana umeiweka kiasi gani na kwa muda gani. Kwa swali la ndiyo au hapana inafaa. Kwa neva zenye mikia myembamba mimi siirudii.

Mashine ya Seahorse inayopima oksijeni inayovutwa na seli ni bora kwa maswali mengi, nami nimeifanyia kazi wiki mbili Nairobi. Hatuna uwezo wa kuinunua. Hata hivyo inakupa jibu la kisima kizima cha seli kwa pamoja. Haikuonyeshi kwamba ncha ya mkia imezima ilhali mwili wa seli bado unawaka. Aliye nazo zote mbili amebarikiwa.

Upande wa manunuzi: wakala wetu, ambaye sitamtaja, aliahidi wiki 3 na mzigo ukafika baada ya wiki 9, sanduku limelowa kona moja. Unga ulikuwa salama kwa sababu husafirishwa katika joto la kawaida bila barafu kavu, na hiyo kwetu ni faida kubwa. Oligomisini tuliyoiagiza pamoja nayo ilikuja bila lebo ya tarehe, tukalazimika kuijaribu kwanza kwenye seli nzima kabla ya kuiamini. Piga simu kila wiki. Usingoje.

Kuhusu bei, nilipiga hesabu mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Miligramu 25 za rangi hii, kwa nanomola 20, zinatosha karibu lita 2,500. Kisahani chetu kimoja kinachukua mililita 2. Hata ukitoa ile tuliyoipoteza kwa unyevu na ile tunayoimwaga, kichupa hiki kimoja kingetosha kila anayefanya kazi ya seli kuanzia Vanga hadi Lamu. Tatizo ni kwamba haipendi kukaa. Tuna mirija 61 iliyobaki kwenye friza, imeandikwa tarehe, na tunataka kuanza kazi ya stavudini yenyewe mwezi ujao, seli zikikaa na dawa wiki nzima nzima. Tutatumia 20, pengine 25. Mwenye darubini ya fluoresensi na seli za kufaa, aje na barafu kwenye chupa ya chai na karatasi ya foili ya kufungia. Tutampa mirija, na FCCP ya kuijaribia.